Sura ya adui: picha inaweza kutuambia nini kuhusu mtu tunayemchukia?

Kuna picha iliyopigwa kusini mwa Rwanda miaka ishirini baada ya mauaji ya kimbari. Mwanamke ameweka mkono wake juu ya bega la mwanamume. Ukiipata picha hiyo kwenye simu yako bila maelezo, utadhani ni mtu na shemeji yake, au majirani waliotaka ukumbusho baada ya shughuli fulani. Maelezo ya chini ndiyo yanayokufanya urudi kuitazama tena. Mwanamume huyo alimuua baba wa mwanamke huyo, na ndugu zake wa kiume pia.

Katika picha nyingine ya mfululizo huohuo, mwanamke yuko pamoja na mwanamume aliyejiegemeza kama mtu aliye nyumbani kwake. Mwanamume huyo alipora mali ya mwanamke huyo, na baba yake alishiriki kuwaua mume na watoto wake.

Tunazieleza picha hizi leo kwa sababu wasikilizaji wetu wengi wanapokea picha za watu kwenye simu kila siku, na nyingi zinakuja na maneno makali: huyu ndiye adui, mjue, msambaze. Tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, picha za aina hiyo zimekuwa nyingi zaidi kwenye makundi ya WhatsApp yanayozungumza Kiswahili. Kwa hiyo tunajiuliza: picha ya mtu aliyekaa akaitazama kamera inaweza kutusaidia kumwelewa yule tunayemwona kama adui? Au inatufanya tumtambue haraka zaidi ili tumdhuru?

Majibu yote mawili yana historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imetokea hapahapa katika ukanda wetu.

Picha iliyokuja mwisho

Picha za Rwanda zilipigwa na Pieter Hugo, mpiga picha wa Afrika Kusini. Zilichapishwa Aprili 2014 katika jarida la gazeti la Marekani la New York Times, wakati Rwanda ikikumbuka miaka 20 tangu mauaji hayo. Taasisi ya sanaa ya Creative Court iliyoko The Hague, Uholanzi, ndiyo iliyompa kazi hiyo. Haikuwa mara yake ya kwanza Rwanda. Mwaka 2004 alikwenda kupiga picha za maeneo ya mauaji: mifupa, nguo, vitu vilivyobaki. Miaka kumi baadaye alirudi kuwapiga picha walio hai.

Jambo la kuzingatia ni hili: Hugo hakufika kijijini na kuwaambia watu wawili wasimame karibu. Kabla yake kulikuwa na kazi ndefu ya shirika la Kinyarwanda linaloitwa Association Modeste et Innocent, kwa kifupi AMI. Shirika hilo lilikuwa likikaa na vikundi vidogo vya Wahutu na Watutsi kwa miezi mingi. Watu walisikilizwa na kushauriwa, kisha ikafika siku ambapo aliyetenda aliomba msamaha rasmi mbele ya aliyemtendea. Msamaha ukikubaliwa, mkosaji alifika na familia yake na marafiki wakiwa na kapu la zawadi: chakula, na mara nyingi pombe ya mtama au ya ndizi. Mapatano yalifungwa kwa nyimbo na kucheza. Msikilizaji wetu wa Kagera hahitaji kuelezwa pombe ya ndizi inafanya kazi gani kati ya watu waliokosana.

Picha ilikuja baada ya hayo yote. Na hata hivyo, ukizitazama vizuri utaona kwamba hazifanani. Watu wengine walikaa pamoja bila shida, wakiongea. Wengine walikubali kupigwa picha na wakaishia hapo hapo. Wamesimama kwa hatua chache kati yao, nyuso hazina tabasamu, mikono haijui pa kwenda. Katika nyingi ya picha hizo hakuna upendo wa kuonekana kwa macho.

Sisi tunaona kwamba hiyo ndiyo nguvu yake. Kama wote wangekumbatiana wakicheka, tungedhani tumeletewa tangazo la shirika fulani. Umbali ule mdogo kati ya miili miwili unasema ukweli ambao maneno ya hotuba hayasemi: kusamehe kumefika hapa, na hakujavuka hapa.

Kabla ya kuendelea, tukumbushane ukubwa wa jambo lenyewe. Kwa muda wa siku 100 hivi, kuanzia Aprili 1994, watu wapatao 800,000 waliuawa kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Serikali ya Rwanda inasema ni zaidi ya milioni moja. Walikuwa Watutsi kwa sehemu kubwa sana, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki au waliopinga. Baadaye mahakama za jadi za gacaca, zilizofungwa Juni 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni mbili. Maelfu kwa maelfu ya waliopatikana na hatia walitumikia vifungo vyao na wakarudi kuishi kijiji kilekile, jirani na watu waliobaki hai. Hapakuwa na kijiji kingine cha kuhamia.

Adui asiye na sura

Hapa lazima tujiseme sisi wenyewe, watu wa redio.

Redio haina picha. Kwa kawaida huo ni uzuri wake: inafika mahali ambapo umeme haujafika na bando limekwisha. Lakini Rwanda ilionyesha upande wa pili. Kituo cha RTLM kilianza kurusha matangazo Julai 1993. Kilikuwa na muziki uliopendwa na watangazaji wacheshi, na katikati ya muziki huo kiliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Mauaji yalipoanza, kilitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Msikilizaji hakuonyeshwa mtu. Alisikia jina la mdudu.

Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani wakuu wawili wa kituo hicho pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu zao, lakini hatia ilibaki. Kila mtangazaji wa ukanda huu anapaswa kuijua hukumu ile. Kumgeuza binadamu kuwa mende kunahitaji kwanza kumwondolea uso, na kazi hiyo inaweza kufanywa kwa sauti tu, kwa ucheshi, kati ya wimbo mmoja na mwingine.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema: basi dawa ni kuonyesha uso. Tukimwona adui macho kwa macho, tutajua ni mtu kama sisi. Methali yetu yenyewe inasema asiyekujua hakuthamini.

Tatizo ni kwamba Rwanda haikubaliani na methali hiyo. Wauaji wengi waliwajua waliowaua. Walisoma shule moja, walikwenda kanisa moja, waliazimana majembe. Mwanamume yule mwenye mkono begani hakuwa mgeni kutoka nchi ya mbali aliyekosa kumfahamu baba wa mwanamke huyo. Sura ilijulikana vizuri, na haikumzuia mtu.

Na zaidi ya hayo, picha ilikuwepo. Kila mtu mzima Rwanda alikuwa na kitambulisho. Utawala wa Ubelgiji ulianzisha vitambulisho vyenye kabila katika miaka ya 1930, na serikali zilizofuata baada ya uhuru ziliendelea navyo. Kitambulisho cha mwaka 1994 kilikuwa na picha ya mwenyewe, na chini yake neno ubwoko likifuatiwa na Hutu, Tutsi, Twa, na aliyepewa uraia. Yasiyohusika yalikatwa kwa mstari. Kwenye vizuizi vya barabarani, wenye mapanga waliangalia picha ili kuhakikisha ni mtu yuleyule, kisha wakasoma mstari wa chini. Picha ya uso, iliyopigwa vizuri, ikitazama mbele, iliwasaidia kuua bila kukosea. Baada ya mauaji hayo kabila liliondolewa kwenye vitambulisho.

Ukizilinganisha picha hizi mbili, ile ya kitambulisho na ile ya Hugo, kwa macho hazina tofauti kubwa. Mtu anatazama kamera. Tofauti iko nje ya picha: nani aliiomba, mtu alikubali au alilazimishwa, na ni nani aliyeandika maneno ya chini. Kwenye kitambulisho, dola iliandika neno moja. Kwenye picha za Hugo, wahusika walieleza wenyewe, kila mmoja kwa maneno yake, mkosaji na aliyekosewa, nini kilitokea na kwa nini wamekubali kusimama hapo.

Kiswahili kinasema kupiga picha, kama tunavyosema kupiga risasi na kupiga mtu. Huenda wazee wetu walikuwa na sababu. Si kila anayepigwa picha ameombwa ruhusa.

Picha ileile, maneno mengine

Kenya nayo ina mfano wake. Oktoba 21, 1956, wakoloni walimkamata Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, karibu na Nyeri akiwa amejeruhiwa. Walimpiga picha amelala kwenye machela, mikono imefungwa pingu, nywele ndefu zimesokotana. Kwa waliompiga, hiyo ilikuwa picha ya jambazi aliyeshindwa, na walitaka watu waione. Februari 18, 1957 alinyongwa.

Leo picha hiyohiyo iko kwenye fulana, kwenye matatu, kwenye kuta za maduka. Wakenya wengi wakitaka kumkumbuka Kimathi ndiyo wanayoiona. Serikali ya Kenya iliondoa marufuku dhidi ya Mau Mau mwaka 2003, na mwaka 2007 sanamu yake ikasimamishwa katikati ya Nairobi, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Hakuna hata nywele moja iliyobadilika kwenye ile picha. Waliobadilika ni wenye haki ya kuandika maelezo yake.

Hatulisemi hili ili kudai kwamba kila anayeitwa adui ni shujaa anayesubiri zamu yake. Wako walioitwa wauaji na ni wauaji kweli. Tunalisema kwa sababu unapotazama picha ya adui unadhani unauona uso, kumbe mara nyingi unayasoma maandishi.

Kongo: maswali yaleyale kwa pande zote mbili

Mpiga picha wa pili tunayetaka kumzungumzia alikwenda mashariki mwa Kongo. Karim Ben Khelifa, mwenye asili ya Tunisia na Ubelgiji, alikuwa ameripoti vita kwa miaka mingi. Kilichomsumbua ni swali ambalo waandishi wengi hulikwepa: kama picha za vita hazibadilishi mtazamo wa watu kuhusu vita, kazi yake ni nini? Na anayepaswa kuziona ni nani, msomaji aliyeko Paris, au wale wenye bunduki na watoto wao?

Akaanza mradi alioutia jina la Adui. Alichagua vita vitatu: Waisraeli na Wapalestina, magenge mawili ya El Salvador, na hapa kwetu, jeshi la serikali ya Kongo, FARDC, na waasi wa FDLR. Kutoka kila upande alimchukua mpiganaji mmoja, akamkalisha, akampiga picha, na kumuuliza maswali yaleyale. Adui yako ni nani, na kwa nini? Amani kwako ni nini? Umewahi kumuua adui? Unajiona wapi miaka 20 ijayo?

Ugumu wa maswali hayo uko katika kufanana kwake. Mwanajeshi hakupewa swali la heshima na mwasi swali la mashtaka. Msikilizaji anaweza kuweka jibu pembeni ya jibu.

Mwaka 2017 mradi huo ulionyeshwa Paris, katika Taasisi ya Ulimwengu wa Kiarabu, na baadaye mwaka huohuo Marekani, katika jumba la makumbusho la chuo kikuu cha MIT. Mtazamaji anavaa miwani maalumu yenye skrini ndani na kubeba kompyuta mgongoni, kisha anatembea kwenye chumba kitupu. Ndani ya miwani anawaona wapiganaji wawili wa ukubwa wa watu halisi, kila mmoja upande wake, yeye akiwa katikati. Anapomsogelea mmoja, anamsikia akijibu. Akihama, macho ya yule mpiganaji yanamfuata. Kumsikiliza huyu, lazima umgeuzie mgongo yule mwingine.

Teknolojia hiyo ni ghali, na wengi wetu hatutaivaa miwani hiyo kamwe. Lakini kilicho ndani yake hakihitaji miwani. Ni mpangilio wa zamani wa baraza: wawili wanakaa, kila mmoja anaulizwa kwa zamu, hakuna anayekatizwa.

FDLR ni kundi lililoundwa mwaka 2000. Miongoni mwa waanzilishi wake walikuwa watu waliokimbia Rwanda baada ya kushiriki mauaji ya 1994. Pia limekuwa na vijana wengi waliokulia kwenye misitu ya Kongo. Ripoti za Umoja wa Mataifa kwa miaka mingi zimewataja wapiganaji wake kwa mauaji na ubakaji, na zimewataja pia wanajeshi wa serikali. Kundi hilohilo ndilo limo katikati ya mkataba ambao mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini Washington Juni 27, 2025: Kongo ilitakiwa kulimaliza nguvu FDLR, na Rwanda kuondoa hatua zake za kijeshi ilizoziita za kujilinda. Kwenye karatasi za mkataba, FDLR ni herufi nne za kushughulikiwa. Kwenye chumba cha Ben Khelifa ni mtu mmoja anayeulizwa anajiona wapi miaka 20 ijayo.

Je, kumsikiliza ni kumsamehe? Hapana. Picha haifuti kosa la mtu, na mama aliyepoteza binti yake Walikale au Rutshuru hana deni la kumwelewa yeyote. Lakini anayetaka kijana huyo atoke msituni aweke bunduki chini lazima ajue anaogopa nini akitoka. Huwezi kumshawishi mtu kwa kuzungumza na herufi nne.

Sura ikiwa ndiyo mashtaka

Mashariki mwa Kongo kuna hatari nyingine ambayo hatuwezi kuipita. Huko, sura ya mtu imegeuzwa ushahidi dhidi yake. Watu wamesimamishwa, wamepigwa na wengine kuuawa kwa sababu tu ya umbo la uso wao au urefu wao, kwa madai kwamba wanafanana na Watutsi na kwa hiyo ni wa M23. Wakongomani wanaozungumza Kinyarwanda na Banyamulenge wa Kivu Kusini wanaijua hofu hiyo vizuri. Novemba 2022, Alice Wairimu Nderitu wa Kenya, aliyekuwa mshauri maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu kuzuia mauaji ya kimbari, alionya hadharani juu ya ghasia na matamshi ya chuki katika eneo hilo.

Na upande wa pili nako, Mkongomani wa kabila jingine aliye katika eneo la M23 anaweza kushukiwa kuwa Wazalendo kwa sababu tu ni kijana wa kiume.

Katika mazingira hayo, mtu anayesema tuonyeshe nyuso zaidi afikiri mara mbili. Picha nzuri, yenye heshima, ya mzee wa Kinyamulenge akiwa na fimbo yake na ng'ombe nyuma yake inaweza kumwonyesha mtu wa Kisangani binadamu ambaye hajawahi kumwona. Picha hiyohiyo ikikatwa maelezo na kuwekewa mengine, ndani ya saa moja ni tangazo la msako. Mpiga picha hana tena uwezo wa kuirudisha.

Ndiyo maana wapiga picha makini wanaofanya kazi kwenye maeneo ya vita humwuliza mtu maswali ambayo zamani hayakuulizwa: picha itaonekana wapi, nani ataiona, jina liandikwe au lisiandikwe, kijiji kitajwe au kisitajwe. Wakati mwingine jibu sahihi ni kuiweka kamera mfukoni.

Ukutani na kwenye treni

Mwaka 2007 msanii wa Ufaransa anayejiita JR, pamoja na mwenzake Marco, waliwapiga picha Waisraeli na Wapalestina wanaofanya kazi zinazofanana: dereva wa teksi na dereva wa teksi, mwalimu na mwalimu, kinyozi na kinyozi. Waliwaomba watoe sura za kuchekesha, mdomo wazi, macho yametoka. Wakazichapisha kubwa kama nyumba na kuzibandika mbilimbili, pande zote mbili za ukuta unaowatenganisha. Wapita njia waliulizwa yupi ni yupi. Wengi hawakuweza kujua.

Ilikuwa kazi ya ujasiri, na ilichekesha. Lakini karatasi zilichakaa, ukuta ukabaki, na yaliyotokea huko tangu Oktoba 2023 kila msikilizaji wetu anayajua. Hatuoni kwamba JR alidanganya. Tunaona kwamba kicheko kiliwakuta watu barabarani kwa dakika chache, wakati vizuizi, ardhi na silaha viliendelea na kazi yake kila siku. Picha haijawahi kurudisha shamba la mtu.

Miaka miwili baadaye JR alifika Kibera, Nairobi, mtaa uliokuwa umeumizwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100 nchini Kenya. Reli inayopita pale ilikuwa imeng'olewa na vijana wakati wa ghasia hizo. JR alibandika macho ya wanawake wa Kibera kwenye mabehewa ya treni, na sehemu ya chini ya nyuso zao kwenye mabati ya mteremko ulio chini ya reli. Treni ilipopita, kwa sekunde chache macho na midomo vilikutana, uso ukakamilika, kisha ukaachana. Juu ya nyumba alitandika picha nyingine za nyuso hizo kwenye turubai zisizopitisha maji. Tunadhani hilo la mwisho ndilo lililowafaa zaidi wenye nyumba: mvua iliponyesha, paa halikuvuja.

Simu iliyo mkononi mwako

Mpaka hapa tumezungumzia wapiga picha wenye majina. Lakini leo mpiga picha mkubwa zaidi wa ukanda huu ni wewe, na mwenye gazeti kubwa zaidi ni kundi la WhatsApp la kijiji chako. Mkulima na mfugaji waliogombana juu ya maji au malisho, kama ilivyotokea Kilosa mwaka 2000 na Tana Delta mwaka 2012, leo wangekuwa na simu mifukoni. Picha ya ng'ombe ndani ya mahindi ingefika mbali kabla mzee wa kijiji hajavaa viatu.

Ukipokea picha ya mtu anayeitwa adui, angalia kama unaijua sauti yake. Je, yeye mwenyewe amesema lolote, au kila neno lililopo limeandikwa na anayemchukia? Je, alijua anapigwa picha? Ukitoa maelezo ya chini na kuiacha picha peke yake, bado inathibitisha kinachodaiwa? Mara nyingi utabaki na kijana aliyesimama kando ya barabara, basi. Na kumbuka kwamba sheria ipo: Kenya ina sheria ya mshikamano wa kitaifa ya mwaka 2008 inayoadhibu uchochezi wa chuki za kikabila, na Tanzania ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015. Anayesambaza anaweza kuulizwa kama aliyeanzisha.

Na kama unakaa jirani na watu mliokosana nao, usianze na kamera. AMI walikaa na watu kwa miezi mingi kabla ya mpiga picha kushuka garini. Picha ya pamoja iliyopigwa siku ya kwanza, mkuu wa wilaya akiwa katikati na wazee wa pande mbili wamelazimishwa kushikana mikono, tumeiona mara nyingi. Inachapishwa gazetini Jumatatu, na Ijumaa mifugo inachukuliwa tena.

Limebaki jambo moja kuhusu picha za Rwanda ambalo watazamaji wake husahau. Tunawaona waliokubali tu. Wapo manusura walioombwa msamaha wakasema hapana, na wapo ambao hawakuombwa kamwe kwa sababu aliyewaulia hajakiri mpaka leo. Wapo pia Wanyarwanda wanaosema ndugu zao waliuawa na wanajeshi wa upande ulioshinda vita, kesi ambazo gacaca haikuzisikiliza. Hao hawamo kwenye picha yoyote ya Hugo. Wanapita sokoni, wanakutana na mtu wanayemjua kwa sura na kwa jina, na kila mmoja anashika njia yake.